Nishughulikie Gavana

Jenereta ile niliinunua kwa Abdinasir, mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na msikiti pale Migori mjini, na kabla hujaniuliza, ndiyo, aliniambia haina kelele. "Wallahi mama, hii mtoto mchanga analala kando yake." Nikaamini. Nikaipeleka nyumbani, nikavuta kamba mara ya kwanza, na kuku wa jirani hawakurudi mpaka jioni. Kesho yake nikamrudishia. Akaniangalia, akaangalia jenereta, akasema, "Lakini mama, si inawaka?" Kwani nilisema haiwaki? Hakuipokea, nikarudi nayo nyumbani.

Usinishangae mwanamke mzima kuhangaika na jenereta. Ndiyo kazi yangu. Nina gari la kulala. Wazungu wawili walikuja nalo kutoka Tanzania kupitia Isebania, likawafia injini hapa hapa Migori, wakaniuzia kwa bei ya kutupa wakapanda ndege wakaenda zao. Nilitengeneza injini. Ndani kuna kitanda, sinki, friji ndogo na choo ambacho mtu mnene hufungia mlango kwa kuomba Mungu. Ninalikodisha kwa watu wa Nairobi wanaotaka kupiga kambi mbuga ya Ruma au kando ya ziwa. Wanakuja na simu nne kila mmoja, na kompyuta, na kikaushia nywele, halafu wanasema wamekuja kupumzika porini. Bila jenereta hawalali siku mbili. Na ukiwasha jenereta hawalali hata moja. Mmoja aliandika kwenye mtandao, dunia nzima isome: "Gari safi, mama mkarimu, ila ni kama kulala ndani ya mashine ya kusaga mahindi."

Hayo maneno yaliniuma, na ndipo nilipoanza kuichokonoa ile jenereta.

Lakini sikusimulii habari ya wageni. Nakusimulia habari ya baba yangu, Mzee Matiko, ambaye kwa Kikuria chetu namwita Tata. Tata alikausha tumbaku kule Kegonga miaka arobaini, na moshi wa yale mabanda ulimwingia kifuani ukakaa. Sasa ni mwaka wa pili anaishi kwangu na mashine ya oksijeni. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, inampa puani kwa mrija, na inakula stima mchana na usiku. Mrija una urefu wa mita saba. Kitanda, choo, kiti cha barazani, basi, hapo ndipo dunia yake inapoishia. Stima ikipotea tunafungua mtungi mdogo na kuomba irudi haraka.

Dada yake wa pekee, shangazi Gati, ameolewa Mbita, huko ziwani Homa Bay. Aliolewa na Mjaluo zamani, wakati ambapo kwetu jambo hilo lilizua maneno mengi, na katika ukoo mzima ni Tata peke yake aliyemsindikiza. Walibeba sanduku lake kwa zamu. Basi Jumatatu moja Lynnet, binti wa shangazi, akanipigia simu. "Bhoke, hospitali wamemrudisha mama nyumbani. Bado anaongea, lakini kidogo. Kama mjomba atakuja, aje wiki hii." Simu ilikuwa kwenye spika. Tata alisikia kila kitu. Alivuta pumzi mbili tatu, akasema, "Nataka nimwone akiwa bado ananijua."

Nami nikajibu, "Tata, nitakufikisha." Rahisi kusema.

Ambulensi ya kukodi ilikuwa imepeleka mgonjwa Nairobi na hawakujua itarudi lini. Lakini si nina gari lenye kitanda? Kilichokosekana ni stima ya njiani tu. Nilijaribu kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri ya gari; kikalia pii, pii, kikazima kabla chai haijapoa. Kwa hiyo ikabaki jenereta.

Na wakati huo haikuwa tena jenereta ya Abdinasir, ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeifungia nyuma ya gari kwenye fremu ya chuma niliyochomelea. Nilikuwa nimeing'oa sailensa yake nikaiwekea ya pikipiki, na bomba nikalielekeza nyuma ili moshi usimrudie aliye ndani. Miguuni niliitandikia raba za tairi ili isitikise kitanda. Nikaijengea sanduku la mbao lenye matundu, ndani nikalibandika godoro kuukuu kumeza kelele. Godoro likaanza kuyeyuka, jirani akapiga nduru, nikalitoa nikaweka bati na zulia. Tangi lake lilikuwa dogo, nikaliongezea mtungi wa petroli kwa mpira. Mwishowe ikawa inanguruma kwa adabu. Nilijivuna, sikatai.

Ila ilianza kisirani. Inapanda, inashuka, inapanda, inashuka, na taa inaifuata. Mgeni wa kuchaji simu hajali. Lakini Jumanne nilipochomeka mashine ya Tata, kila jenereta iliposhuka mashine ililia kengele, na kila ilipolia Tata alishika kifua. Aki niliitukana ile jenereta matusi ambayo sikujua ninayo. Halafu nikakaa na simu nikitazama video mpaka nikampata Mhindi mmoja aliyeeleza vizuri: ikipanda na kushuka hivyo, tatizo ni gavana. Ni kimkono kidogo chenye springi kinacholinda mwendo wa injini. Kazi ikiongezeka, kinafungulia mafuta. Kazi ikipungua, kinabana. Kwangu kilikuwa kimejaa uchafu na springi yake imelegea. Kisafishwe, kikazwe, basi. Nilijaribu mwenyewe, springi ikaniruka ikaanguka kwenye nyasi, nikaitafuta nusu saa nimepiga magoti. Nikaona hapana, huyu anahitaji fundi.

Fundi ni Austine. Miaka kumi amekuwa akitengeneza matatu pale stendi, na mkono wake si wa kubahatisha. Jumatano nilikuwa hospitalini kwenye foleni ya dawa za Tata, nikampigia nikamwambia apite nyumbani, jenereta iko nyuma ya gari.

"Shida ni nini, mathe?"

"Gavana, Austine. Gavana inanisumbua. Nishughulikie gavana."

Akauliza, "Nishughulikie kabisa?"

"Kabisa! Kesho tuna safari. Sitaki tena kusikia habari yake!"

"Ong'e wach. Hakuna maneno."

Mzee aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni akageuka akaniambia, "Mama, taratibu, uchaguzi bado." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Niliporudi, jenereta ilikuwa inaunguruma sauti moja, imenyooka, haipandi haishuki. Niliichomekea mashine ya Tata. Ikapokea vizuri, kengele kimya. Austine alikuwa ananawa mikono kwa petroli. Akanionyesha kimkono cha mafuta kando ya kabureta. "Sasa imetulia. Ukiiona inachoka, sukuma hiki juu kidogo, itapata nguvu." Nilimpa mkono, nikampa na chakula. Nilimwita mwanangu.

Tuliondoka Alhamisi saa moja asubuhi. Mimi dereva, mimi nesi. Tata amelala kitandani nyuma, mto umeinuliwa, uso dirishani. Miaka miwili alikuwa hajaona barabara. Awendo tulikwama nyuma ya trela za miwa, mimi napiga honi na kusonya, na yeye anafurahi. "Hawa wamekata mapema," ananiambia kupitia kile kidirisha cha kati. "Ona, ile ng'ombe ni ya nani?" Kama mimi najua ng'ombe za watu wa Awendo! Lakini sauti yake ilikuwa na uhai, na mashine ilikuwa inahema vizuri kando yake, na kule nyuma jenereta inaimba, nikajiambia Bhoke, umeweza.

Tulipopita Rodi Kopany akasema anataka chai. Mtu mwenye akili angesimama hotelini akanunua chai. Mimi nina gari lenye birika la umeme, ninunue chai ya kazi gani? Nikaegesha kando ya barabara, nikajaza maji, nikachomeka birika. Mara jenereta ikalemewa, ikaanza kukohoa, na mashine ya Tata ikalia kengele. Nikakumbuka maneno ya Austine. Nikazunguka nyuma mbio, nikafungua sanduku, nikasukuma kimkono juu. Ikapata nguvu, kengele ikanyamaza. Nikabaki pale nyuma nimeshika kiuno, nimeridhika na nafsi yangu.

Birika likachemka. Likajizima lenyewe, tak, kama mabirika yote.

Jenereta ikapiga yowe. Sijui niite nini kingine. Ilipanda, ikapanda, haikurudi, sanduku linatetemeka mbao zinaachana. Taa ya ndani ikapasuka. Kabla mkono wangu haujafika kwenye swichi nikasikia paa! kutoka ndani ya gari, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Nikazima. Nikakimbilia ndani.

Tata alikuwa ameketi, ameshika mrija mkononi, anautazama. Mashine ilikuwa kimya na moshi mwembamba unatoka kwenye matundu yake. Nilimwekea mtungi mdogo. Mtungi ulikuwa umejaa, na kwa kipimo anachotumia, hiyo ni hewa ya saa mbili na kama dakika kumi. Niliangalia saa yangu. Saa tatu na dakika tano.

Hapo ningepanda nikaendesha. Najua. Nimejiambia mara elfu. Lakini mimi mori ulikuwa umenipanda, nikashuka nikafungua lile sanduku nione ni nini kimeniua. Nikaona. Kimkono cha gavana hakipo. Springi hakuna. Mahali pake pamefungwa waya, ule mwembamba wa kufungia ua, umekazwa kwa koleo vizuri kabisa. Kimkono cha mafuta kinakaa pale pale mtu alipokiacha, birika liwepo lisiwepo.

Nikampigia Austine.

"Gavana yangu iko wapi?"

"Nimeitoa, mathe. Iko kwa dirisha lako la jikoni, nimeifunga kwa karatasi."

"Umeitoa? Umeitoa! Nani alikwambia utoe?"

"Yawa! Si ulisema nishughulikie gavana?"

"Kushughulikia ni kutoa?"

Akasema polepole, kama mtu anayemweleza mgeni, "Mathe, hapa stendi, kila mtu akiniambia nishughulikie gavana, anataka gari ikimbie. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo akitaka niisafishe."

Na ni kweli. Hapo ndipo nilipochomwa zaidi. Hakuna mtu Migori asiyejua maneno hayo. Matatu zina gavana ya kubana mwendo, na dereva asiyetaka kubanwa haendi kwa fundi kusema "vunja sheria kwa ajili yangu." Anasema nishughulikie. Nimepanda magari ya aina hiyo maisha yangu yote, nimewasikia makondakta wakijisifu nayo. Na aliniuliza. Aliniuliza kabisa, nami nikapayuka kabisa, mbele ya foleni nzima.

Unadhani nilikubali? Ng'o. Nilimwambia hana kichwa. Nilimwambia baba yangu akifa damu iko mikononi mwake. Akaanza kusema pole, nikamkatia simu. Nikampigia Abdinasir nikamwambia bidhaa zake ni takataka, yeye akaniuliza, "Mama, wewe ulifungua jenereta?" nikamkatia na yeye. Nikampigia Austine tena kwa sababu nilikuwa nimekumbuka neno jingine la kumwambia. Mwenye bodaboda akasimama kuuliza kuna nini, nikamweleza tangu mwanzo, sanduku, zulia, sailensa ya pikipiki, yote.

Nikasikia kioo kinagongwa. Tata alikuwa ananigongea kwa kikombe kitupu.

"Bhoke," akasema. "Twende."

Saa tatu na dakika hamsini. Nilikuwa nimesimama pale dakika arobaini na tano.

Nikamwambia Homa Bay mjini hapo mbele kuna hospitali kubwa, wana oksijeni, nikupeleke hapo salama. Akauliza, "Kutoka hapa mpaka kwa Gati?" Nikasema saa moja na dakika kumi nikikaza. Akatazama mshale wa mtungi, na mimi nikautazama. Nikampigia Lynnet. Lynnet akaipigia simu hospitali ya pale kwao Mbita, akanirudia: oksijeni ipo, kitanda kipo, na ni mwendo wa dakika tano kutoka nyumbani. Nilipiga hesabu kichwani. Tukifika zitabaki dakika kumi na tano. Tano ni za kwenda hospitali. Tata alikuwa ameshazipiga zamani.

"Mbele," akasema.

Niliendesha jinsi ambavyo sijawahi kuendesha. Niliyagombeza matuta, niligombeza mbuzi, nilimgombeza mzee wa watu aliyekuwa anavusha baiskeli yake. Tukapita Homa Bay mjini, ziwa likajitokeza upande wa kulia. Tata alikuwa ameanza kupumua kwa uchache, kwa hesabu, mdomo umefungwa. Nikamuuliza kama ameona ziwa. Akainua kidole kimoja.

Lynnet alikuwa getini. Alibeba mtungi, mimi nikamshika Tata kiunoni, tukaingia sebuleni. Walikuwa wamemtandikia shangazi Gati godoro chini karibu na dirisha. Sikumtambua. Mwanamke yule aliyekuwa akipiga kelele mpaka boti zinageuka, sasa alikuwa kitu kidogo chini ya shuka. Tukamkalisha Tata kwenye stuli karibu na kichwa chake. Akamshika mkono. Nikatazama mshale, ulikuwa ndani ya ile nyekundu. "Tuna dakika kumi," nikamnong'oneza Lynnet.

Shangazi akafungua macho. Yalimzunguka Tata usoni, polepole, halafu yakatulia.

"Matiko," akasema. Alimjua. "Mbona umechelewa hivyo?"

Hakuniuliza mimi. Alimuuliza yeye. Na Tata alikuwa anakusanya pumzi ya kumjibu, nilimwona kabisa kifua kikipanda, nami nikajibu.

Nikasema, shangazi, tungefika saa nne, tuliondoka mapema kabisa, ni huyu fundi. Nikasema nilimwambia ashughulikie gavana, na unajua kushughulikia ni kutengeneza, ni Kiswahili cha kawaida, yeye akang'oa akafunga waya. Nikamweleza waya ulivyokuwa. Nikamweleza kwamba shida ilianzia kwa Abdinasir, kwa sababu jenereta ingekuwa haina kelele kama alivyoapa nisingeigusa, na nisingeigusa isingepanda na kushuka. Lynnet akanivuta leso. Nikamwambia ngoja, Lynnet, lazima ajue, asifikiri tulikawia kwa kutojali. Nikaeleza birika. Nikaeleza mlio. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuweza kuacha, maana nikiacha ningebaki na lile neno langu, kabisa, peke yake. Nikaanza kusema habari ya mwenye bodaboda.

Tata akageuza kichwa. Hakuwa na hasira. Aliuweka mkono wake wa pili juu ya mtungi.

"Bhoke," akasema. "Unanimalizia hewa."

Nikanyamaza. Mshale ulikuwa umebakisha dakika nne.